Usemi wa Wahusika wa Kike katika Filamu

Wahakiki wa filamu aghalabu humpima mhusika wa kike kwa sura, mavazi na matendo yake. Ni nadra waulize anazungumza na nani, na juu ya nini. Swali hilo lilipata umaarufu kutokana na mzaha wa watazamaji.

Mwaka 1985 Mmarekani Alison Bechdel alichora katuni ya wanawake wawili waliotaka kwenda sinema. Mmoja wao alikuwa na kanuni: filamu lazima iwe na wanawake wasiopungua wawili, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yao yahusu jambo lisilokuwa mwanamume. Filamu ya mwisho iliyomridhisha ilikuwa Alien ya mwaka 1979, kwa kuwa humo wanawake wawili huzungumza juu ya zimwi.

Mzaha huo baadaye ukawa kipimo mashuhuri. Mwaka 2013 kumbi kadhaa za sinema za Uswidi zilianza kukitumia kuziainisha filamu. Hata hivyo kina upungufu. Gravity, filamu ya mwaka huo huo, haikitimizi, ingawa mhusika wake mkuu ni mwanamke anayepigania uhai wake angani. Kinyume chake, sentensi chache juu ya viatu zaweza kuipitisha filamu inayowadhalilisha wanawake.

Basi kipimo hiki hakihukumu ubora wa filamu moja. Faida yake hudhihirika filamu nyingi zikipimwa pamoja: hapo ukimya wa wanawake huonekana kuwa ni mazoea, wala si sadfa. Mchunguzi wa tamthilia na riwaya za Kiswahili naye aweza kuanzia papo hapo: ni nani asemaye, na asema na nani?