Kuuzisha masomo ya intaneti kwa njia ya komisyoneri

Bandugu wasomi wa Kamina, komisyoneri wa mahindi tunamujua wote: analeta mununuzi, mahindi yakiuzwa anapata sehemu yake. Kwenye intaneti ni vilevile. Amazon ilianza mpango wa namna hiyo mwaka wa 1996.

Tuseme umerekodi masomo ya hesabu za biashara, bei dola 20, lakini hauna feza ya matangazo. Unapatia kila mshirika linki yake yenye namba. Mtu akipitia ile linki na kulipa, programu inajua nani amemuleta. Ukikubali 25%, mshirika anapata dola 5, wewe 15. Kama hakuna aliyenunua, hakuna deni.

Mbele ya kuanza, muandike mambo matatu: asilimia, siku ya kulipa kwa M-Pesa ao Airtel Money, na komisyo itakuwaje kama mwanafunzi amerudishiwa feza yake. Mshirika asiyelipwa kwa siku yake hataleta mtu tena.

Na wewe unayetafuta kazi, angalia: komisyo ya kweli inatoka kwa mununuzi wa masomo. Wakikuomba kwanza feza ya kuingia, na faida ni kuleta wengine nao walipe, ule ni mtego. Kimbia.