Mapengo Kwenye Hindi

Majuzi mtoto wa jirani yangu hapa Bulla Pesa alinijia na hindi alilolichuma nyuma ya nyumba yao, akaliambua maganda mbele yangu. Upande mmoja punje zilikuwa zimejipanga barabara. Upande wa pili palikuwa na mapengo matupu. "Mwalimu, ni wadudu waliokula?" akaniuliza. La, hakuna aliyekula kitu. Punje hizo hazikuzaliwa kamwe.

Kila unywele utokao kwenye hindi changa umeshikamana na punje moja tu. Usipoangukiwa na chavua, ule unga wa manjano wa ua dume lililo kileleni, punje yake haitungwi. Mhindi mmoja humwaga mamilioni ya chembe za chavua, hata mtu akadhani hapana la kuhofia. Lakini chembe hizo hazidumu hewani. Penye jua kali na upepo mkavu kama huu wetu wa Isiolo, huweza kufa kwa dakika chache. Ukame nao huzichelewesha nywele, zikachomoza wakati ua dume limekwisha kumwaga. Fauka ya hayo, mihindi ya akina mtoto yule ilikuwa safu moja kando ya ukuta. Chavua yake nyingi, nadhani, iliishia barabarani.

Kwa mlaji, mapengo hayo ni hasara ndogo. Kwa mzalishaji wa mbegu chotara ni msiba. Yeye hupanda wazazi wawili tofauti katika shamba moja: aghalabu safu nne au sita za kike kwa safu mbili za kiume. Maua dume ya safu za kike sharti yang'olewe kabla hayajafunguka, bua kwa bua, siku baada ya siku. Yakisahauliwa, jike hujichavusha lenyewe, na mkulima atakayenunua pakiti ile atakuwa ameuziwa jina la chotara tu. Basi safu zote za kike hubaki zikizitegemea safu chache za kiume, tena kwa siku chache. Ndiyo maana wajuzi huzipanda safu za kiume kwa awamu mbili au tatu, zikiachana kwa siku kadhaa, ili nywele zinazochelewa nazo zipate chavua. Maji hayakosekani wakati wa kuchanua.

Elimu hii si ngeni nchini. Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi huko Kitale mwaka 1955, na mwaka 1964 chotara H611 ikatolewa, mzazi mmoja akiwa Kitale Synthetic II na wa pili Ecuador 573, aliyetoka Amerika ya Kusini. Baadaye kazi ya kuzalisha mbegu iliteremka hadi nchi za joto: wakulima wa skimu ya Perkerra, Baringo, wamezalisha mbegu za mahindi kwa maji ya mfereji. Nchi kavu ina neema yake. Mahindi ya jirani huwa mbali, na chavua ngeni haiingii kwa urahisi. Adui ni joto, naye huepukwa kwa kuchagua mwezi wa kupanda.

Kwa nini basi wanafunzi wetu huchora ua la haibiskasi ubaoni, ilhali mhindi umesimama nje ya dirisha? Mwalimu mwenzangu, mifuko mitatu ya karatasi yatosha. Funika mahindi matatu machanga kabla ya nywele kuchomoza. Moja libaki limefunikwa hadi mwisho. La pili lipakwe chavua asubuhi moja tu, kisha lifunikwe tena. La tatu lipakwe kila asubuhi kwa juma zima. Wakati wa mavuno, wanafunzi na wahesabu punje.

Mtoto yule nimekwisha kumpa mifuko yake. Mvua za Novemba zikinyesha, tutapanda safu nne fupi zilizokaribiana, mbali na ukuta.