Historia na Ubunifu katika Usawiri wa Mhalifu Rhyging: Mfano wa Filamu ya The Harder They Come (1972)

Tarehe 9 Oktoba 1948, polisi wa Jamaika walimuua kwa risasi Ivanhoe Martin katika kisiwa kidogo cha Lime Cay, karibu na bandari ya Kingston. Martin, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Rhyging, alikuwa ametoroka gerezani mwaka huohuo, na kwa majuma kadhaa aliwakwepa waliomsaka huku akiua. Miaka 24 baadaye, mwongozaji Perry Henzell, aliyeandika mswada pamoja na Trevor Rhone, alimrejesha mhalifu huyo kupitia mhusika Ivan, aliyeigizwa na mwanamuziki Jimmy Cliff.

Yaliyochukuliwa kutoka katika historia si mengi: jina, mauaji ya askari, picha za mtoro akijigamba na bastola mbili, na kifo cha ufukweni. Mengine yamebuniwa. Rhyging hakuwa mwimbaji. Ivan, kwa upande wake, anatoka shamba kwenda mjini akitamani kurekodi wimbo, na anapofanikiwa, mzalishaji anayetawala soko anampa dola 20 tu. Hiyo ni fedha ambayo Martin hakuwahi kuishika, kwani dola ya Jamaika ilianza kutumika mwaka 1969. Enzi zake zilikuwa za pauni na za utawala wa Mwingereza.

Uhamishaji huo wa wakati ndio kiini cha filamu. Kama kisa kingebaki mwaka 1948, dhiki ya mhusika ingeweza kubebeshwa ukoloni peke yake. Kwa kukipeleka baada ya uhuru wa 1962, Henzell anawaelekezea kidole wenyeji wenyewe: mzalishaji wa muziki, mhubiri, na polisi wanaoiachia biashara ya bangi iendelee mradi iwe chini ya mkono wao. Ivan anageuka mhalifu baada ya kugonga milango yote ya halali, naye wimbo wake unapata umaarufu pale tu anaposakwa. Hapa ubunifu umesema jambo ambalo kumbukumbu za polisi zisingeweza kulisema.

Hata hivyo, ubunifu huo una gharama. Eric Hobsbawm, katika kitabu chake Bandits cha 1969, alieleza namna jamii za wanyonge zinavyomtukuza mhalifu anayepambana na mamlaka. Martin anaingia katika kundi hilo kwa taabu. Hakuua askari peke yao. Miongoni mwa waliokufa kwa mkono wake alikuwamo mwanamke. Katika filamu, uzito wa mauaji umeelekezwa kwa polisi, nao wanaanguka bila kupewa maisha yao wenyewe, kana kwamba hawakuwa na nyumba za kurudi. Mhakiki anayeisifu filamu kwa kuwatetea maskini hana budi kulitazama pengo hilo, kwa maana askari wa ngazi ya chini naye ni mtoto wa maskini.

Inafaa kuongeza kwamba Henzell hakumwachia mtazamaji ushabiki usio na kizuizi. Mapema katika hadithi, Ivan yumo katika ukumbi wa sinema akitazama Django, filamu ya Kiitalia ya 1966, pamoja na umati unaoshangilia mauaji ya kwenye pazia. Rhyging halisi alikuwa amekwisha kufa miaka 18 kabla ya filamu hiyo kutengenezwa. Mwishoni, Ivan anashindwa kuifikia meli ambayo ingemtorosha kwenda Cuba, anatupwa ufukweni, na anapotoka kuwakabili wenye bunduki, picha za umati uleule wa sinema zinarudi na kupachikwa katikati ya tukio, watu wakicheka na kushangilia hadi risasi zinapompata.