Je, Wajua Uzito wa Mkono Wako?

Mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole, huchukua takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 basi amebeba kilo tatu na nusu kila upande, na wala hana habari, kwa kuwa muda mwingi mzigo huo unaning'inia tu begani au umelazwa mezani. Unyooshe mbele usawa wa kifua bila pa kuuegemeza, na baada ya dakika chache bega litaanza kulalamika. Hesabu hii ya nyama na mifupa inaeleza mengi zaidi kuhusu kioo cha kugusa kwenye kompyuta kuliko matangazo yote ya madukani. Wengi huuona mjadala wa kidole au kipanya kama suala la usasa: simu zimeshaachana na vitufe, kompyuta inangoja nini? Lakini kuhisi kidole ni kazi ambayo kioo kiliimudu zamani. Kinachosumbua ni namna kioo kilivyosimama, na mahali mkono unapopumzikia.

Kwa umri, kioo cha kugusa ni mzee. Mwaka 1965 E. A. Johnson, wa taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo ya kioo kinachotambua kidole, akiwafikiria waongozaji wa ndege. Wazo lake ni la ukoo mmoja na lile linaloendesha simu za leo: mwili wa binadamu unapitisha umeme, hivyo kidole kikikaribia kinaivuta chaji kidogo, na mashine inatambua chaji imepungua wapi. Ndiyo maana kijiti kikavu hakiifungui simu. Mwaka 1972 mfumo wa kufundishia wa PLATO IV, wa Chuo Kikuu cha Illinois, uliwawezesha wanafunzi kujibu maswali kwa kugusa kioo, ila wao walitumia njia nyingine: miale isiyoonekana iliyokatiza mbele ya kioo, na kidole kikiikata, mashine inajua ni wapi. Miale ya aina hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye HP-150, kompyuta ya ofisini iliyotoka mwaka 1983, mwaka mmoja kabla ya Macintosh kuwazoesha watu wa kawaida kipanya. Kuzunguka fremu ya kioo chake kulikuwa na safu za vitundu vidogo vya kupitishia miale. Vile vya chini vilikuwa vikijaa vumbi, na mwenye mashine akalazimika kuvizibua. Kwa hiyo kidole na kipanya viliingia sokoni karibu pamoja, na kidole hakikuchelewa mlangoni. Kilishindwa mezani.

Kilishindwa kwanza kwa uchovu. Hata kabla ya HP-150, waliotumia kalamu za mwanga kuchora juu ya vioo vilivyosimama walikuwa wakijua maumivu ya bega, na wahandisi wakayapa jina la utani: mkono wa sokwe. Kipanya hakidai kitu hicho. Kiganja kimelala, kiwiko kimeegemea, na kifundo cha mkono kikisogea sentimita chache, kishale kinakatiza kioo chenye upana wa nusu mita. Sababu ya pili ni ukubwa wa kidole chenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na inavyokuwa ndogo. Kwa shabaha kubwa iliyo karibu, kidole hakina mpinzani; kipanya chenyewe kinaachwa nyuma. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za kompyuta zina shabaha ndogo. Chukua jedwali la Excel: kwenye kioo cha kawaida mstari mmoja una kimo cha kama milimita 5, ilhali ncha ya kidole ina upana wa sentimita moja au zaidi. Mhasibu anayetaka kugusa mstari wa 14 anaufunika pamoja na jirani zake wa juu na chini, na hajui amegusa upi mpaka auondoe mkono. Kishale kinaonyesha kilipo kabla ya kubofya. Kidole kinatoa habari baada ya tendo. Tena kishale kinaweza kutua juu ya kitufe bila kukibonyeza, maelezo mafupi yakajitokeza. Kwenye kioo cha kugusa cha kawaida, kufika na kubonyeza ni jambo moja.

Mtu anaweza kusema dawa ni rahisi, tukuze vitufe. Dawa hiyo ilijaribiwa, na mgonjwa alikuwa dunia nzima. Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ikakiondoa mezani kitufe cha Start na menyu yake, vilivyozoeleka tangu 1995, na kuweka ukurasa mzima wa vigae vikubwa vya rangi. Kwenye kishikwambi mpango huo ulikuwa na mantiki: unatelezesha kidole kutoka ukingoni na amri zinajitokeza. Mwenye kipanya yeye alitakiwa akipeleke kishale kwenye pembe ya kioo isiyo na alama yoyote, akingoja kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo. Programu moja ya mtindo huo mpya ilijaza kioo kizima, hata kama kioo hicho kilikuwa na nafasi ya kukaa nne. Hii ndiyo gharama ya kukuza vitufe: kila kitu kikipewa nafasi ya kidole, vitu vinavyoonekana kwa wakati mmoja vinapungua, na faida kubwa ya kompyuta ya mezani ni kuona mengi kwa mpigo. Mwaka uliofuata kitufe cha Start kilirudishwa katika Windows 8.1, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe, vigae vikiwa vimebanwa ndani yake kama wageni waliopunguziwa chumba.

Zipo hoja za upande wa pili zinazostahili jibu. Mashine za benki na za kuagizia chakula zina vioo vilivyosimama na hakuna anayelalamikia bega. Kweli, lakini mteja anagusa mara tano, tena amesimama, kisha anaondoka. Anayekaa kuandika ripoti anagusa kutwa. Wengine wanasema kizazi kilichokulia kwenye simu kitaona kipanya ni kitu cha kale. Inawezekana, na ni kweli kwamba kukiendesha kishale mbele ya macho kwa mkono ulio mahali pengine ni ujuzi unaofunzwa, wakati kugusa hata mtoto wa miaka miwili anaweza. Ila mazoea hayapunguzi uzito wa mkono wala hayachongoi kidole. Hoja iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba si lazima mtu achague kimoja: kwenye kompyuta mpakato kioo kiko karibu na kibodi, na kusukuma ukurasa au kugusa kitufe cha kukubali kunachukua nusu sekunde. Wapo pia ambao kipanya kinawashinda kwa sababu ya ulemavu wa mkono, na kwao kugusa ni msaada halisi. Hapo nakubali bila ubishi. Kioo cha kugusa kama nyongeza kwenye mpakato, hasa unaojikunja na kulala kama daftari, kina maana kwa anayeridhia bei, mng'ao wa kioo na betri kupungua kidogo. Kwenye kioo cha inchi 24 kilichosimama mwisho wa meza, sioni kitamfaa nani.

Kioo kikiinama, mambo hubadilika. Makarani wa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Karani amekishika mbele ya tumbo, kiwiko kimebana ubavuni, macho yanatazama chini, na mkono wa pili unagusa bila kupanda hewani. Microsoft yenyewe, ilipotoa Surface Studio mwaka 2016, ilikitia kioo chake cha inchi 28 bawaba ya kukilaza hadi nyuzi 20, kikawa kama meza ya mchora ramani. Apple nao, waliokuwa wakisisitiza tangu enzi za Steve Jobs kwamba kugusa kioo kilichosimama kunachosha mkono, walikutana na jambo hilohilo kutokea upande wa pili. iPad ilizaliwa mwaka 2010 bila kishale. Mwaka 2020 waliitengenezea kibodi inayoisimamisha mezani kama mpakato, na chini ya vitufe vya kibodi hiyo wakaweka kibao cha kutelezesha vidole, pamoja na kishale cha duara juu ya kioo.