Kwenda Sokoni Bila Gari: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbalizi

Kaya nyingi za Mbalizi hazina gari, na bado kila siku mchele, viazi, mafuta ya kula na mboga hufika jikoni. Mahitaji hayo hubebwa kwa mkono, kichwani, kwa bodaboda, kwa bajaji au kwa daladala. Kwa sababu hiyo, gharama halisi ya chakula si ile bei inayotajwa na muuzaji peke yake. Ni bei hiyo pamoja na nauli, muda na usalama wa yule anayebeba mzigo. Makala haya yanaeleza namna mkazi wa kawaida anavyoweza kupunguza gharama hizo.

Kipi kinunuliwe wapi

Mbalizi ni njia panda. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katikati ya mji, barabara ya Shigamba inapanda kwenda Umalila, na nyingine inaelekea Makongolosi. Viazi mviringo na mboga nyingi za Umalila hupita Mbalizi kabla ya kufika jijini. Mkazi anayepanda daladala kwenda Mwanjelwa kununua viazi hivyo huenda analipia safari ambayo viazi vyenyewe vimekwisha kuifanya.

Hali ni tofauti kwa ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela au wa bonde la Usangu. Bidhaa hizo hutokea upande wa pili wa jiji, na huweza kupatikana kwa bei nafuu zaidi katika masoko makubwa ya mjini. Hata hivyo, unafuu huo unafaa kupigiwa hesabu kabla ya safari.

Tuchukue mfano. Ikiwa kilo ya mchele mjini ni pungufu kwa shilingi 200, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,600, basi kilo 8 za kwanza zinarudisha nauli tu. Anayenunua kilo 5 anaokoa shilingi 1,000 na kutumia 1,600, yaani amepoteza shilingi 600 pamoja na nusu siku yake. Lakini majirani watano wakimtuma mmoja wao akanunue kilo 25, wanaokoa shilingi 5,000 kwa nauli ileile moja, na kinachobaki kinaweza kulipia ubebaji wa mzigo. Kwa mizigo mikubwa zaidi, kama magunia ya mahindi baada ya mavuno, kaya kadhaa zinaweza kuchangia kukodi guta au kirikuu na kugawana gharama kwa uzito.

Kipimo kabla ya bei

Mnunuzi asiye na gari hununua kidogo kidogo, na ndiye anayeumia zaidi kipimo kinapopunjwa. Sado iliyobonyezwa au debe lililopondwa kitako huondoa kiasi cha chakula ambacho hakionekani kwa macho. Njia salama ni kununua kwa mizani iliyohakikiwa. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Mnunuzi ana haki ya kuiangalia stika hiyo na kuhakikisha kuwa mshale au namba inaanzia sifuri kabla ya bidhaa kuwekwa.

Lumbesa nayo imekatazwa kisheria. Gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Katazo hilo humlinda mkulima asipunjwe, na humlinda pia mpagazi anayelibeba.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu imara cha nyumbani huondoa gharama ya kununua mfuko kila siku, na ni rahisi kukipakata ndani ya daladala.

Mzigo na barabara

Nauli za daladala hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Kwa bajaji na bodaboda, abiria anashauriwa kukubaliana bei ya safari pamoja na mzigo kabla ya kupanda. Bodaboda hubeba abiria mmoja, na wote wawili wanapaswa kuvaa kofia ngumu. Mzigo mzito uliowekwa mbele ya dereva humzuia kukata kona. Ni heri kuukabidhi kwa bajaji.

Jambo linalohitaji tahadhari kuliko yote ni kuvuka barabara kuu. Malori yanayoshuka mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi huwa yamebeba tani nyingi, na hayawezi kusimama ghafla hata dereva akimwona mtu mapema. Anayebeba ndoo au gunia kichwani hawezi kugeuza shingo upesi. Ni busara kuushusha mzigo, kutazama pande zote mbili, na kuvuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Watoto wanaotumwa dukani watumwe kwenye maduka ya upande wa nyumbani kwao.

Kupunguza safari

Safari iliyo nafuu kuliko zote ni ile isiyofanyika. Mahindi na maharage yaliyonunuliwa wakati wa mavuno, yakakaushwa vizuri na kufungwa katika mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, hukaa miezi mingi bila dawa ya wadudu. Mboga za majani zinaweza kupandwa kwenye viroba uani.

Pa kupeleka malalamiko

Mizani yenye mashaka iripotiwe Wakala wa Vipimo, na nauli iliyozidishwa iripotiwe LATRA, pamoja na namba ya gari, njia na saa. Ubovu wa barabara za ndani unahusu TARURA, na wa barabara kuu unahusu TANROADS. Masuala ya usafi, taa na mpangilio wa soko ni ya Halmashauri, na yapelekwe kwa Mtendaji wa Kata. Mwananchi asiyejua pa kuanzia aanzie hapo hapo kwa Mtendaji, ambaye atamwelekeza panapohusika.