Gari Likikataa Kuwaka: Tuufuate Umeme Kabla ya Kununua Kifaa

Katika familia nyingi, gari moja hubeba haja za watu wengi. Ndilo liwapelekalo watoto shule, ndilo liwahishalo mgonjwa hospitali, na kwa baadhi yetu ndilo mlango wa riziki. Siku linapokataa kuwaka, shughuli za nyumba nzima husimama, na katika taharuki hiyo ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari huambiwa, "Hiyo itakuwa betri," naye hununua betri. Lisipowaka huambiwa, "Basi ni plagi," naye hununua plagi. Kila kifaa kinachonunuliwa kwa kubahatisha ni ada ya shule au chakula cha nyumbani kilichokwenda bila faida.

Hitilafu ya umeme ina njia yake. Hata asiyekuwa fundi anaweza kuifuata hatua kadhaa, kwa macho na masikio, kabla hajatoa senti.

Swali la kwanza: Je, stata inazungusha injini?

Watu husema "gari haliwaki" wakikusudia mambo mawili yaliyo mbali kabisa. La kwanza ni pale ufunguo unapozungushwa na injini isizunguke. La pili ni pale stata inapozungusha injini kwa nguvu kama kawaida, lakini injini haishiki moto.

Katika hali ya kwanza, sikiliza na utazame taa za dashibodi. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka huku taa zikififia, betri imeishiwa au vichwa vyake vimeshika kutu. Ukisikia "ta" moja tu na taa zikabaki imara, mashaka yaelekee kwenye stata. Kukiwa kimya kitupu na taa zinang'aa, hakikisha kwanza kwamba mkono wa gia wa gari la otomatiki upo kwenye P au N, kisha ndipo rilei na swichi ya ufunguo zichunguzwe.

Multimita husaidia sana hapa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma karibu na 12, imekaribia kuishiwa. Ikiwa wakati wa kupiga stata inashuka chini ya volti 9.6 hivi, ni dhaifu. Hata hivyo, kabla ya kununua nyingine, safisha vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani, vikaze, na ukague waya mnene wa ethi unaokwenda kwenye bodi na injini. Betri nyingi hulaumiwa kwa kosa la waya huo.

Swali la pili: Je, cheche ipo?

Stata ikizungusha kwa nguvu na injini isishike, betri imekwishatimiza wajibu wake. Kununua betri katika hali hii aghalabu ni hasara. Sasa ufuatwe umeme unaokwenda kwenye plagi.

Betri hutoa volti 12, lakini cheche ya plagi huhitaji maelfu mengi ya volti. Kazi ya kuzikuza ni ya koili, ambayo ndani yake mna nyaya mbili: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme ukipita katika ule mnene huzaa sumaku. Unapokatwa ghafla, sumaku hiyo huporomoka na kuzaa umeme mkali katika ule mwembamba. Ndio msingi uleule alioutumia Charles Kettering wa Marekani katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Kilichobadilika ni mkataji: zamani ilikuwa platini, leo ni kompyuta ya gari, inayoongozwa na sensa inayotazama mzunguko wa krenki.

Magari ya zamani huwa na koili moja na distributa. Ya karibuni, kama Toyota IST, kila plagi ina koili yake. Tofauti hii ina uzito. Penye koili moja, ikifa, injini nzima hunyamaza. Penye koili nne, ikifa moja, injini hutetemeka na kukosa nguvu, lakini kwa kawaida huwaka. Kwa hiyo IST ikikataa kabisa, usikubali haraka kuuziwa koili. Tafuta kitu kinachozihudumia zote nne: fyuzi, rilei kuu, sensa ya krenki, au mfumo wa kuzuia wizi, ambao hujulikana kwa taa ya ufunguo au kufuli inayopepesa kwenye dashibodi.

Plagi nayo hutoa ushahidi. Ikitolewa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo yenye kushukiwa. Ikiwa kavu na cheche pia haipo, sensa ya krenki ishukiwe, kwani katika magari mengi kompyuta isipopata habari zake husitisha cheche na mafuta pamoja.

Mfano wa gari la jeneza

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, stakabadhi za gari letu la kubebea jeneza hupitia mikononi mwangu. Ni gari la zamani lenye distributa na koili moja. Asubuhi liliwaka mara moja. Likizimwa makaburini wakati wa jua kali, stata ilizungusha bila injini kushika. Likipoa kwa saa moja, liliwaka kana kwamba halikuwa na kosa.

Gereji ya kwanza iliweka betri mpya, kisha plagi, kisha pampu ya petroli. Kila mara gari lilijaribiwa likiwa limepoa, likawaka, likahesabiwa limepona. Na kila mara lilikwama tena mbele ya wafiwa. Fedha hizo zote zilikuwa michango ya waumini, yaani amana.

Fundi wa pili hakununua kitu. Aliomba aitwe gari likiwa limekwama. Alipofika alipima cheche: haipo. Akapima umeme unaoingia kwenye koili: upo. Akapima kama unakatwa inavyopasa: unakatwa. Kinachoingia kilikuwa sahihi na kinachotoka hakikuwepo. Basi mgonjwa ni koili. Waya wake wa ndani ulikuwa umekatika; ukipata joto ncha huachana, ukipoa hugusana. Funzo lake ni kwamba hitilafu hupimwa wakati ipo, si wakati imejificha.

Tahadhari

Vuta breki ya mkono, weka gia huru, na uwaweke watoto mbali. Usishike waya wa plagi wakati stata inapigwa. Usipime cheche panaponuka petroli. Usichomoe waya na kuugusisha kwenye bodi kama ilivyozoeleka zamani. Waweza kuua kompyuta ya gari. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya, kwani hapo moto huhamia kwenye nyaya.

Ukifika kwa fundi, usimwambie, "Nibadilishie koili." Mweleze dalili: stata inazungusha au haizungushi, gari likiwa baridi au moto, taa gani inawaka. Naye akikutajia kifaa cha kununua, muulize kwa adabu: "Umepima nini, na umepata nini?" Fundi mwaminifu hatakasirishwa na swali hilo, bali atafurahi kukuonesha.