Mitaa ya Hatari na Watu Wake

Mtu akaaye mbali na Nairobi, asomapo habari za watu walionyang'anywa mali au kuuawa katika mitaa ya mashariki ya jiji, mara nyingi huuliza: Mbona watu hao hawahami? Jibu lake si gumu. Mtu wa kibarua hukaa mahali ambapo mshahara wake waweza kulipa kodi ya chumba, na ambapo aweza kwenda kazini kwa miguu. Akaaye Mathare hutembea mpaka Eastleigh bila kulipa nauli, na wa Mukuru hufika kwenye viwanda kwa njia hiyo hiyo. Watoto wake wako katika shule ya jirani, na mwenye duka humkopesha unga mwezi uelekeapo mwisho, kwa kuwa anamjua. Kuhama ni kuyaacha hayo yote. Kwa hiyo watu wengi hawaulizi jinsi ya kuikimbia hatari. Huuliza jinsi ya kuishi nayo hata jioni, wala wasidhurike, wala watoto wao wasipotee.

JINSI MITAA ILIVYOANZA

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyefanya kazi huko alihesabiwa kuwa mgeni, ambaye angerudi kwao kazi ikiisha. Nyumba alizojengewa upande wa mashariki zilikuwa hasa vyumba vya wanaume waliowaacha jamaa zao mashambani, wala hazikutosha. Wengine wakajijengea vibanda kando ya mto Mathare, karibu na machimbo ya mawe. Siku za Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, vibanda hivyo vilibomolewa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 vikarudi, tena vingi zaidi.

Dandora ilianza kwa njia nyingine. Katika mpango wa mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja 6,000 hivi, vikawekewa maji na vyoo, na wenye viwanja wakajenga vyumba wenyewe. Nyumba nyingi zilipangwa kuuzunguka ua mmoja wa pamoja, ili watoto wapate mahali pa kuchezea. Lakini miaka ilipopita nyua hizo zilikosa wa kuziangalia, zikawa giza usiku, na takataka zikajaa. Jaa kubwa la jiji nalo lilikuwa papo hapo karibu; mwaka 2001 ilitangazwa kwamba limejaa, lakini magari ya taka yaliendelea kumwaga. Mahali pasipo mwenyewe hupata mwenyewe upesi, naye mara nyingi huwa ni mkora.

SHERIA ZISIZOANDIKWA

Mgeni ahamiapo katika mitaa hii hufundishwa na majirani sheria ambazo hazikuandikwa popote. Alfajiri waendao kazini hungojana mlangoni, wakaenda pamoja wanne au watano hata kituo cha matatu. Fedha haziwekwi zote mfuko mmoja, na simu haitolewi njiani hata ikilia. Kuna njia ya mchana na njia ya usiku, ijapokuwa zote mbili zafika mahali pamoja. Mwanamke auzaye mboga huifunga meza yake mapema, ingawa saa zenye faida ndizo zile za jioni watu watokapo kazini. Basi woga nao humtoza kodi kila siku. Tena mtu akikabwa koo kwa nyuma, jambo ambalo vijana huliita ngeta, ameshaambiwa asishindane: mali hutafutwa tena, lakini roho haitafutwi.

Sheria ngumu kuliko zote ni ile ya kunyamaza. Pengine mkora hajulikani na polisi, lakini majirani humjua. Walijua jina lake tangu utoto, wanamjua mama yake, na wanajua ni darasa gani aliloliacha. Pamoja na hayo hawasemi neno, maana asemaye leo atapita katika uchochoro ule ule kesho. Kwa njia hii hofu ya watu wengi huwa mtaji wa watu wachache. Huko Mathare magenge yalifikia hata kuwatoza wenyeji ada. Mwezi wa Novemba 2006, ugomvi juu ya fedha walizotakiwa wapikao chang'aa uligeuka kuwa vita baina ya magenge mawili, Mungiki na Taliban. Watu waliuawa, nyumba nyingi zikachomwa moto, na maelfu ya wakazi wakakimbia, wengi wao wakiwa watu ambao hawakuwa upande wowote.

HOFU YA PANDE MBILI

Mzazi mwenye kijana wa miaka 17 katika mitaa hii huhofu mambo mengi kwa pamoja. Huhofu kwamba wakora watamchoma mwanawe kisu, au watamvuta aingie katika kundi lao. Huhofu kelele ya "Mwizi!", kwa sababu umati wenye hasira hauulizi mashahidi, na aliyekwisha kufa kwa mawe na moto hawezi kuulizwa kama kweli ndiye. Tena huhofu risasi ya askari. Vijana wengi wa mitaa hii wameuawa kwa risasi za polisi pasipo kufikishwa mbele ya hakimu, na akina mama waliofiwa, wa Mathare na wa mitaa mingine, wamejiunga pamoja ili kudai haki. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, na sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru, IPOA, ya kuchunguza mwenendo wa polisi.

Kuyasema haya si kuwatetea wezi. Aliyeibiwa anastahili haki, na askari anayeilinda njia usiku anastahili shukrani. Lakini askari akiogopwa sawasawa na mkora, mwenye habari hana pa kuipeleka. Hapo ndipo kunyamaza huzidi, na mkora hupata nafasi.

KIJANA AJULIKANAYE

Yako mambo machache ambayo yameonyesha njia nyingine. Mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana, kiitwacho MYSA, kilianzishwa Mathare. Shauri lake lilikuwa jepesi lakini la akili: timu haikupata pointi kwa mabao peke yake, bali pia kwa kufagia mitaa na kuondoa takataka. Baadaye wasichana nao wakaingia uwanjani. Kutoka chama hicho ikatokea timu ya Mathare United, iliyokuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Hata hivyo faida iliyo kubwa si kombe. Kijana ambaye Jumamosi ameshika ufagio mbele ya mlango wa mama fulani, naye mama akamwuliza jina lake na kumpa maji ya kunywa, hawezi kwa urahisi kumvizia mama yule Jumatatu.

Huko Dandora, katika miaka ya 2010, vijana walianza kuzirudisha nyua zao. Walizoa takataka, wakapaka kuta rangi, wakapanda maua na miti, wakatia malango. Na wenye nyumba wakatoa ada ndogo ili vijana hao walipwe kwa kusafisha na kulinda. Baadaye yakafanywa mashindano baina ya nyua, ili ionekane ni upi uliobadilika zaidi. Kijana aliyekuwa akikaa bure pembeni mwa njia, akitazamwa kwa hofu na kila mpitaji, akawa mlinzi wa mahali pale pale. Na watoto walipoanza kucheza uani tena, wazee nao wakatoka nje kuwaangalia. Mkora hapendi macho mengi.

Serikali nayo ilianza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa mfano uliojulikana zamani Tanzania, ili majirani wafahamiane na wapashane habari za usalama. Mahali pengine mpango huo umefaa. Pengine watu wameuogopa, wakidhani kwamba mjumbe ni mpelelezi tu, au kwamba maneno yao yatamfikia mkora kabla ya jua kutua. Jambo hili lina fundisho. Kuzihesabu nyumba kumi ni kazi ya saa moja, lakini kuaminiana kwa watu wa nyumba hizo ni kazi ya miaka.

Asidhani msomaji kwamba mpira na ufagio vyatosha kuondoa uovu wote. Vijana wanahitaji kazi yenye mshahara, njia zinahitaji taa, na mashahidi wanahitaji polisi na mahakama wanazoweza kuziamini. Hayo ni madeni ya wenye mamlaka, na raia wana haki ya kuyadai bila kuchoka. Lakini wakati deni lingali halijalipwa, yapasa wenyeji waone hatari iliyomo katika desturi ya kila mtu kufunga mlango wake mapema na kutosikia kilio cha nje. Kila mlango ufungwapo, uchochoro huzidi kuwa wa mkora. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala nyumba moja hailindi mtaa. Nyumba zinazouzunguka ua mmoja zikijuana kwa majina, nao vijana wao wakihesabiwa kuwa ni wana wa ua huo kabla hawajahesabiwa na genge, mtoto aliyetumwa chumvi dukani jioni ataweza kurudi salama.